Jukwaa wazi si jina lingine la nguvu ya kompyuta

Mjadala wa kulinganisha kompyuta na konsoli (mashine za gemu kama PlayStation na Xbox) kwa ajili ya kuchezea gemu haumaliziki bila mtu kusema kwamba kompyuta ni jukwaa wazi, na anayesema hivyo mara nyingi ana jambo jingine moyoni. Mmoja hulitetea dai hilo kwa kutaja kadi ya michoro aliyonayo. Mwingine anamaanisha kwamba gemu za kompyuta huuzwa kwa bei nafuu, au hata hupatikana bure. Wa tatu, ambaye amesoma kidogo kuhusu programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, huwapinga wote wawili kwa hoja kwamba Windows haiwezi kuwa jukwaa wazi kwa kuwa msimbo wake ni siri ya Microsoft. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, lakini hakuna kati yao anayezungumzia uwazi wa jukwaa.

Maana yenyewe ni fupi. Jukwaa ni mashine pamoja na mfumo endeshi wake, yaani kitu ambacho programu huandikwa ili ifanye kazi juu yake. Jukwaa huwa wazi iwapo mtu yeyote anaweza kuandika programu, kuisambaza kwa njia anayoitaka, na kuiendesha katika mashine ya mnunuzi bila kuomba idhini ya kampuni iliyoiunda mashine hiyo. Huwa limefungwa iwapo idhini hiyo ni ya lazima na mashine imeundwa ili ikatae programu isiyo nayo. Kasi, bei na uzuri wa picha havimo katika maana hiyo, wala msimbo kuwa wazi kwa kila msomaji haumo. Windows ni mali ya Microsoft kabisa, lakini mwanafunzi aliyeandika gemu yake usiku anaweza kumtumia rafiki yake faili, na rafiki akaicheza asubuhi.

Kosa linaloudhi kuliko mengine ni lile la kuuchanganya uwazi na nguvu, kwa sababu linaifanya faida kubwa ya kompyuta ionekane kama jambo la wenye fedha tu. Xbox ya kwanza, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na kichakataji cha Intel cha jamii ya Pentium III chenye kasi ya megahezi 733, kadi ya michoro ya Nvidia na diski kuu ya gigabaiti 8, vitu ambavyo fundi yeyote wa wakati huo angevitambua kuwa ni vya kompyuta ya kawaida. PlayStation 4 na Xbox One za mwaka 2013 zote mbili zilijengwa kwa vichakataji vya AMD vinavyotumia lugha ileile ya mashine inayotumiwa na kompyuta za mezani. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuziita konsoli hizo majukwaa wazi, na hakuna aliyekosea kwa kutoziita hivyo, maana kila moja ilikataa kuendesha programu isiyokuwa na sahihi ya kidijitali ya mwenye jukwaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni Steam Deck, mashine ya kushika mkononi iliyoanza kuuzwa na Valve mwaka 2022. Kwa sura ni konsoli kabisa: ina vitufe, vijiti viwili vya kuongozea, na menyu inayofunguka mara tu ikiwashwa. Ndani yake mna kichakataji na kitengo cha michoro vya vizazi vilevile vya AMD vilivyomo katika PlayStation 5, isipokuwa kitengo cha michoro cha Steam Deck kina viini 8 vya kukokotoa wakati kile cha PlayStation 5 kina 36. Kwa nguvu, basi, ile ndogo haifui dafu. Lakini mwenye Steam Deck anaweza kuufuta mfumo endeshi iliyokuja nao, akaweka Windows au toleo jingine la Linux, ule mfumo endeshi huria, akanunua gemu katika duka linaloshindana na lile la Valve, na mashine isimzuie. Mwenye PlayStation 5, pamoja na viini vyake vyote, hana uwezo huo. Iwapo uwazi ungekuwa ni nguvu, tungelazimika kuyageuza majina ya mashine hizi mbili.

Inafaa kueleza hali hii ilitokeaje, kwa sababu wengi hudhani kwamba kompyuta ilifanywa wazi kwa makusudi na konsoli ikafungwa kwa uchoyo. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwezi Agosti 1981, ilikuwa na haraka ya kuingia sokoni, hivyo ikaikusanya kutokana na vipuri vya makampuni mengine: kichakataji cha Intel na mfumo endeshi wa Microsoft, kampuni ambayo ilibaki na haki ya kuwauzia wengine. Ikachapisha hata kitabu cha ufundi chenye michoro ya sakiti. Sehemu muhimu iliyobaki kuwa ya IBM peke yake ilikuwa BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, nayo ililindwa na hakimiliki. Waliotaka kuiga walifanya kazi kwa makundi mawili, kundi moja likieleza BIOS inafanya nini na jingine, ambalo halikuwahi kuuona msimbo wa IBM, likiandika upya programu yenye kazi hiyohiyo. Compaq ilitangaza kompyuta yake iliyopatikana kwa njia hiyo mwaka 1982, na wengine wakafuata kwa wingi. Kuanzia hapo hapakuwa tena na kampuni moja yenye uwezo wa kusema ni programu gani iruhusiwe katika PC. Uwazi huo haukupangwa na mtu; ulitokana na mwenye mali kupoteza udhibiti.

Upande wa konsoli ulikwenda kinyume, na kwa sababu zinazoeleweka. Atari 2600 ya mwaka 1977 haikuwa na kufuli lolote. Waandishi wa programu walioondoka Atari wakaanzisha Activision mwaka 1979 na kuanza kuiandikia mashine ya mwajiri wao wa zamani. Atari ikashtaki, na shauri likaisha kwa mapatano. Makampuni mengine mengi yakaingia, baadhi yao yakiwa hayajui lolote kuhusu gemu, na rafu za maduka zikajaa takataka mpaka soko la Marekani likaporomoka mwaka 1983. Nintendo, ilipoingia nchini humo na konsoli yake ya NES mwaka 1985, ilikuwa imejifunza: ndani ya konsoli na ndani ya kila katriji, yaani kasha lenye gemu, mlikuwa na chipu mbili zilizosemezana, na kama chipu ya katriji haikuitika ipasavyo, mashine ilijizima na kujiwasha bila kukoma. Pamoja na kufuli hilo kulikuwa na mkataba uliowawekea wachapishaji kikomo cha gemu tano kwa mwaka, kikomo ambacho Konami ilikikwepa kwa kuanzisha jina la pili, Ultra Games. Konsoli zote kubwa zilizofuata ni warithi wa mpango huo wa chipu na mkataba.

Tofauti hii ya nani anatoa idhini ndiyo inayozaa karibu kila faida ambayo wapenzi wa kompyuta huitaja bila kuonyesha chanzo chake. Markus Persson alianza kuiuza Minecraft mwaka 2009 katika tovuti yake mwenyewe wakati gemu ilikuwa haijakamilika, jambo ambalo hakuna mwenye konsoli wa wakati huo angeliidhinisha. Miaka mitano baadaye Microsoft iliinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi, yaani marekebisho yaliyofanywa na wachezaji wawili juu ya gemu ya Half-Life, na aina nzima ya gemu ambamo League of Legends inahesabiwa ilitokana na ramani iliyotengenezwa na wachezaji wa Warcraft III. Kompyuta hizo hazikuhitaji kuwa na nguvu ya ajabu. Zilihitaji tu kutokuwa na mlinzi mlangoni.

Anayetaka kuiona tofauti hiyo ndani ya gemu moja aitazame Fallout 4. Mwaka 2016 modi ziliruhusiwa katika konsoli pia. Katika Xbox One ziliwekewa kikomo cha ukubwa, na katika PlayStation 4 zilikatazwa kuleta picha, sauti au umbo lolote ambalo halikuwemo katika gemu yenyewe. Katika kompyuta hakukuwa na kikomo zaidi ya nafasi ya diski na subira ya mchezaji. Gemu ni ileile na mchapishaji ni yuleyule. Kilichotofautiana ni mamlaka.

Ruhusa inayotolewa na mwenye jukwaa inaweza pia kuondolewa naye, na hapo kisa cha PlayStation 3 kinafundisha kuliko hoja nyingi. Ilipotoka mwaka 2006, Sony iliruhusu wanunuzi kuweka Linux ndani yake, na Jeshi la Anga la Marekani likaunganisha konsoli zaidi ya 1,700 za aina hiyo kuwa kompyuta moja kubwa ya utafiti. Tarehe 1 Aprili 2010, Sony ilitoa sasisho lililoufuta uwezo huo, ikitaja sababu za usalama, na aliyekataa sasisho alinyimwa huduma ya mtandaoni. Wanunuzi walishtaki na hatimaye wakalipwa fidia ndogo, lakini uwezo haukurudi. Kwa hiyo hata wakati Linux ilipokuwa ikiendeshwa ndani yake, PlayStation 3 haikuwa jukwaa wazi: ilikuwa jukwaa lililofungwa lenye dirisha lililoachwa wazi kwa hisani.

Haki inadai tuseme pia mahali ambapo konsoli inamshinda mwenzake. Gemu iliyonunuliwa kwenye diski ya konsoli inaweza kuazimwa, kuuzwa tena au kupewa mtu, ilhali gemu iliyonunuliwa Steam, duka la mtandaoni la Valve, imefungwa kwenye akaunti ya mnunuzi na haiuziki. Mashine iliyofungwa pia huwapa wadanganyifu kazi ngumu zaidi katika mashindano ya mtandaoni, na ndiyo maana gemu kadhaa za ushindani katika kompyuta hudai kuweka programu ya ulinzi katika kiini cha mfumo endeshi, dai ambalo mimi binafsi siliafiki hata kidogo. Haya ni mambo mazito, na mtu anaweza kuchagua konsoli kwa sababu yake bila kuonewa huruma.

Hapa ndipo wengine husema kwamba, kwa kuwa wachezaji wengi wa kompyuta hununua kila kitu Steam, basi Valve ndiyo Sony yao na uwazi umebaki jina tu. Si hivyo. Steam hutoza asilimia 30 ya mauzo kwa kiwango chake cha kawaida, na Epic Games ilipofungua duka lake mwaka 2018 ikatoza asilimia 12, haikumwomba yeyote ruhusa ya kuingia katika kompyuta za watu. Duka lenye wateja wengi lina ushawishi, na ushawishi huo unaweza kulalamikiwa, lakini halina kufuli. Siku mteja akitaka kwenda kwingine, mashine yake haitamkatalia.

Anayetaka kusema kwamba kompyuta yake inatoa picha bora kuliko konsoli ya jirani, basi aseme hivyo tu, na huenda akawa sahihi mpaka konsoli nyingine itoke. Akisema kuwa ni jukwaa wazi, ajue kwamba anaisifu pia kompyuta ya mkononi iliyochakaa, yenye miaka kumi na isiyoweza kuendesha hata robo ya gemu za mwaka huu, kwa kipimo kilekile anachoisifia ya kwake.