Usiipe File Browser Diski Nzima

Nina kaofisi Kondele hapa Kisumu, juu ya duka la simu, na kwa kona kuna kompyuta kuukuu ya Linux inayotunza kazi za wapiga picha wa harusi. Wao huingia kwa browza tu kupitia File Browser, programu nyepesi ya kuona, kupakia na kupakua faili, haitaki PHP wala MySQL, setingi zake ziko kwa faili moja, filebrowser.db.

Sasa kosa langu. Kwa setingi ya root, yaani folda ambayo programu inaanzia, niliweka / (diski nzima) nikisema ntapunguza baadaye, na baadaye ya fundi mnaijua nyinyi, siku moja mteja ananipigia, "Boss, hii folda inaitwa etc ni ya harusi gani?" Kumbe anaangalia folda ya setingi za Linux yenyewe. Nilitoka jasho. Sai root ni /srv/picha na kila mteja nimempa scope yake, yaani folda yake ndo mwisho wa dunia kwake, hawezi panda juu. Halafu programu yenyewe inaendeshwa na yuza wa kawaida, si mkubwa wa mfumo.

Watu hukimbilia zile tiki za ruhusa, mimi nasema scope kwanza, juu unaweza mnyima mtu kufuta lakini akiona picha za wenzake ushamwaga mtama. Ya execute, ile ya kuendesha amri kwenye kompyuta, zima kabisa, hata usijadili. Kujisajili pia zima. Na paswadi: matoleo ya zamani yalianza na admin/admin, ya siku hizi hutengeneza ya kubahatisha na kuionyesha kwa logi mara moja tu, ukizubaa imekupita.

Kitu kingine, ukiandika filebrowser config set na huku programu inafanya kazi itakwama mpaka ikwambie timeout, hiyo filebrowser.db hushikwa na mmoja kwa wakati. Zima sevisi kwanza, badilisha, washa.

Halafu kuna ile 413, eror ya kusema faili ni kubwa mno. Video zilikuwa zinakataa kupanda, mimi nalaumu intaneti, nabadilisha waya, nazima na kuwasha rauta, kumbe ni Nginx, seva ya wavuti niliyoiweka mbele ya File Browser: client_max_body_size yake, yaani kikomo cha mzigo unaotumwa kwa mara moja, ya kuanzia ni MB 1 tu. Wengi wakifika hapo huweka 0, iwe bila kikomo. Haina haja. File Browser hukata faili vipande vya MB 10, kwa hivyo niliweka 20m na video ya GB 6 ikapanda yote.