Si video ya kwanza ya muziki duniani

Katika makundi ya simu huzungushwa mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba "Video Killed the Radio Star" ndiyo video ya kwanza ya muziki kutengenezwa duniani, mwaka 1981. Dai hilo si sahihi.

Kilicho kweli ni kwamba tarehe 1 Agosti 1981 kituo kimoja cha televisheni cha Marekani, kilichoanzishwa kurusha muziki usiku na mchana, kilifungua matangazo yake kwa video hiyo. Basi maneno "ya kwanza kurushwa na kituo hicho" yakapunguzwa njiani hata yakawa "ya kwanza duniani". Kosa hilo linaeleweka, kwani video yenyewe, inayoanza na mtoto wa kike aliyeketi mbele ya redio, inafanana kweli na mwanzo wa zama mpya.

Anayetaka kuhakiki aanze na mwaka: wimbo huo ulitoka 1979. Kisha arudi nyuma zaidi. Katika miaka ya 1940, baa za Marekani zilikuwa na makabati yenye kioo cha kuonyeshea filamu ambamo mteja alitumbukiza sarafu ya senti 10, akatazama wimbo mmoja kwa takriban dakika 3, bila kuchagua, kwa sababu filamu 8 ziliunganishwa katika utepe mmoja naye alionyeshwa ile iliyofikiwa na zamu. Nyingi zimehifadhiwa na zinatazamika kwenye intaneti.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, bali mweleze kwa upole aliyeutuma. Ujumbe huo unawafuta wanamuziki wale wa awali, wakiwamo wapiga jazi wengi Wamarekani Weusi, ambao filamu hizo zimetuhifadhia sura na sauti zao.