Kwa Nini Afisa Afya Lazima Akujibu Kabla ya Kukupima

Wiki hizi ofisi yetu ya afya hapa Arusha imepokea malalamiko mengi kutoka kwa wasafiri wanaopita mpakani Namanga, ambao wanaona kwamba kupimwa joto na kujaza fomu ya safari ni kuwapotezea muda. Malalamiko hayo tunayapokea kwa heshima. Hata hivyo, ugonjwa unapolipuka, dawa na vifaa havifanyi kazi mahali ambapo wananchi hawamwamini anayevileta, na imani hiyo haijengwi siku ya msiba.

Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na ikaua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, ingawa chanjo ilikuwepo na ilitolewa kwa watu zaidi ya 300,000. Tunasikia mara kwa mara kwamba watu wa Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini, waliikataa huduma kwa ujinga. Si kweli, na inatuchosha kulirudia jambo hili. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa Beni walikuwa wakizika ndugu zao waliouawa na makundi yenye silaha, wala hawakuona msaada wa maana. Ilipoingia Ebola ndipo magari ya wageni yakajaa barabarani, mengine yakisindikizwa na askari. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, na wengi wakaamini kwamba ugonjwa wenyewe ni mbinu ya kisiasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi akiwa hospitalini Butembo.

Kilichosaidia ni kuwaonyesha watu kinachofanyika. Wagonjwa waliwekwa katika vyumba vyenye kuta angavu ili ndugu wamwone mtu wao akihudumiwa, familia zikashirikishwa katika maziko salama, na waliopona, ambao miili yao ilikuwa imejenga kinga, wakawalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa.

Sisi pia hatuko mbali na hatari hiyo. Homa ya Marburg, inayofanana sana na Ebola, ilitangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023.

Utaratibu, kwa hiyo, ni huu. Msafiri mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi hutengwa na foleni, huulizwa alikopita na aliokutana nao katika siku 21 zilizopita, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa hadi siku hizo, na ikibidi huchukuliwa sampuli. Familia yake ni lazima iambiwe alipo. Chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, kumzuia afisa kutekeleza wajibu huu ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Mwenye shaka juu ya mgonjwa nyumbani apige 199, bila malipo, na asimsafirishe kwa bodaboda.

Lakini adhabu haimfanyi mtu aseme ukweli. Dereva mmoja wa lori alikataa kuelekeziwa kipimajoto akiwa mbele yangu. Hakuwa mkorofi, aliuliza tu, "Daktari, ikisoma thelathini na nane mtanipeleka wapi, na mzigo wa watu nitamwachia nani?" Kijana wetu alimjibu kwamba sheria ndiyo inavyotaka. Nilimwomba kijana huyo asubiri, nikamweleza dereva chumba kilipo, nani angempigia tajiri wake simu, na lori lingeegeshwa wapi. Alivua kofia akasogeza paji la uso. Kipimo kilisoma 36.4, na kabla hajapanda garini alitutajia, bila kuulizwa, utingo wake aliyekuwa amelala nyuma ya kiti akitetemeka kwa homa.