Kutengeneza sampuli haraka si uchapaji wa 3D peke yake

Ukitaja utengenezaji wa haraka wa sampuli, yaani vielelezo vya kujaribia bidhaa kabla haijazalishwa kiwandani, wengi hufikiria printa ya 3D tu. Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka: mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Chuck Hull aliomba hataza ya kugandisha resini, plastiki ya majimaji, kwa mwanga wa urujuanimno, tabaka juu ya tabaka, na mbinu za aina hiyo zikalibeba jina hilo kwa miaka mingi.

Uharaka wenyewe ni kufupisha safari ya kutoka mchoro wa kompyuta hadi kitu unachokishika mkononi, na njia ni nyingi. Mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, huchonga alumini au plastiki ileile itakayotumika kiwandani. Bati hukatwa kwa leza na kukunjwa. Ukihitaji nakala kumi au ishirini, sampuli moja huzungushiwa silikoni ili kupata kalibu, kisha plastiki ya poliurethani humiminwa humo, katika chumba kilichoondolewa hewa, ili viputo vya hewa vitoke.

Tofauti hii ina uzito. Chukua kishikizo chembamba cha kifuniko cha betri, kile kinachopinda na kulia "ta!" Kikichapwa kikiwa kimesimama, hukatika upesi, tena palepale tabaka mbili zinapokutana. Mhandisi asiyejua hili huulaumu mchoro wake na kuongeza unene bure, ilhali kishikizo hichohicho kikichapwa kimelazwa, au kuchongwa kutoka plastiki nzima, hustahimili zaidi.

Mimi huuliza kwanza: sampuli inajibu swali gani? Kama ni umbo na ukubwa, printa inatosha kabisa. Kama ni nguvu, joto au msuguano, tumia malighafi halisi.