Daraja la mtandao kwenye mashine pepe

Umesimika Ubuntu ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) kwenye kompyuta unayoitumia kama seva ya nyumbani. Intaneti ipo, masasisho yanashuka, lakini ukitaka kuifungua mashine pepe hiyo kutoka kwenye simu, kimya. Andika `ip a` ndani ya mashine hiyo. Ukikuta 10.0.2.15, mashine iko nyuma ya NAT.

NAT ndiyo VirtualBox inayokupa usipochagua kitu. Mashine hupewa mtandao wake mdogo wa ndani, na kila kinachotoka humo huvaa anwani ya kompyuta mwenyeji. Kutoka inatoka, ila ruta haina habari nayo, kwa hiyo simu yako haina pa kubisha hodi. KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, kupitia libvirt inayousimamia, nayo huanza hivyohivyo, isipokuwa anwani zake huanzia na 192.168.122.

Daraja hufanya kinyume. Mwenyeji hugeuka swichi, na kadi pepe huchomekwa humo bega kwa bega na kadi halisi, ikiwa na MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) yake yenyewe. Ruta huiona kama kifaa kingine cha nyumbani na kuipa IP ya humo humo, tuseme 192.168.1.40. Kwa seva, mimi sioni haja ya kuhangaika kufungua poti (milango ya huduma) moja moja kwenye NAT.

Ila daraja linataka waya. Kwenye Wi-Fi ya kawaida, ruta hukubali tu fremu (vifurushi vya data) zenye MAC ya kifaa kilichojiunga, na za mashine pepe hutupwa. VirtualBox huzunguka tatizo hilo kwa kubadilisha MAC njiani. Daraja la kawaida la Linux, ambalo Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe, hulitegemea, halifanyi hivyo.

Kuhama haipavaiza, yaani mfumo unaoendesha mashine pepe, ndiko kunakoleta kizaazaa. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, ikaondoa toleo la bure la ESXi, haipavaiza ya VMware, mwaka 2024 (ikairudisha 2025), na watu wakakimbilia Proxmox. Diski huhama salama, lakini kadi ya mtandao haihami: unapewa nyingine. Iliyoitwa ens160 sasa ni ens18, huku faili la netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) likiendelea kuitafuta ens160, basi mashine inawaka bila IP. Kama MAC nayo ni mpya, ile IP uliyoitengea kwenye ruta haiji tena. Kwa Windows, chagua kwanza kadi ya E1000, kwa sababu haina dereva za kadi pepe aina ya VirtIO mpaka uziweke mwenyewe.

Ikiwa mashine zote zimekwama kwa pamoja, achana nazo, mfuate mwenyeji. Kwenye Proxmox, fungua `/etc/network/interfaces`: IP inapaswa kuwa kwenye vmbr0, ambalo ndilo daraja, si kwenye kadi halisi, na mstari wa `bridge-ports` utaje kadi ambayo waya umechomekwa kweli. Kompyuta yenye matundu mawili ya mtandao hukosewa hapo mara nyingi.