Miwani ya kukaa kwenye kiti cha mwenzako

Watu wakisikia natumia miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kumwingiza mtu katika ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, katika tiba ya vikundi, hudhani nawapeleka wateja kwenye ufukwe wa kubuni wakapunge upepo. Programu za aina hiyo zipo, na mtu aliyechoka zinamtuliza. Ila mimi ni tabibu wa kimfumo. Sitafuti ugonjwa ndani ya mtu mmoja, natafuta kinachopita baina ya watu: nani akisema nani hunyamaza, nani anabeba siri ya nani. Matabibu wa familia wa Milan, Italia, akiwemo Mara Selvini Palazzoli, walituachia namna ya kuuliza inayofaa sana hapa. Humwulizi mama kwa nini ana huzuni. Unamgeukia binti: "Mama akinyamaza, baba hufanya nini? Na baba akifanya hivyo, kaka yako huenda wapi?"

Kwa kazi hiyo miwani ina faida moja kubwa, nayo ni kubadilishana nafasi. Mengine naona ni mapambo.

Kubadilishana nafasi kwenyewe ni kwa zamani. Daktari wa akili Jacob Moreno aliwafanyisha watu maigizo ya namna hiyo Vienna, kisha Marekani. Virginia Satir, tabibu wa familia, naye aliwasimamisha wanafamilia kama sanamu, huyu kampa mgongo yule, yule kapiga magoti, ili umbali wa moyoni uonekane sakafuni. Kikwazo ni mwili. Mwambie baba mtu mzima aigize mwanawe wa miaka saba: atacheka, au atakataa, na hata akikubali bado anawatazama wote kutoka juu. Akivaa miwani anashuka. Meza inamfika kidevuni. Akiinua mkono, mkono mdogo unainuka papo hapo, na kule kwenda sambamba ndiko kunakoufanya ubongo uupokee mwili ule kuwa wake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa angalau unajilaza kidogo.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanywa na Caroline Falconer, Mel Slater na wenzao wa London na Barcelona, ukachapishwa 2016. Wagonjwa 15 wa sonona walimbembeleza mtoto wa kompyuta aliyekuwa akilia. Baadaye kila mmoja akaingizwa katika mwili wa mtoto yuleyule, akasikia maneno yake mwenyewe yakimjia kutoka kwa mtu mzima aliyeinama mbele yake. Mwezi mmoja baada ya vipindi vitatu, tisa kati yao walieleza kuwa dalili zao zimepungua. Ni watu wachache, tena bila kundi la kulinganishia, kwa hiyo nauchukulia kama dokezo. Mwaka 2018 timu ya Barcelona ilionyesha tena kwamba wanaume waliowahi kuwapiga wenzi wao, wakivaa mwili wa mwanamke anayefokewa, waliutambua vizuri zaidi woga kwenye sura za wanawake. Kabla ya hapo walikuwa na mwelekeo wa kuusoma woga huo kama furaha. Hilo hunifikirisha kila ninapokaa na wanandoa.

Kwenye kikundi nafanya hivi. Mkwe anayelalamika kwamba hasikilizwi anapanga ukumbi wa familia anavyouona yeye: mama mkwe hapa, mume kule dirishani, yeye mlangoni. Kisha mama mkwe anavaa miwani na kusimama pale mlangoni. Wengine wanatazama kwenye skrini. Dakika kumi zinatosha; zikizidi, kichefuchefu huingia. Halafu miwani inavuliwa, na hapo ndipo tiba inapoanza, kwa maana kile kifaa kinaziba nusu ya uso, nami sina namna ya kuongoza kikundi bila kuona nani kakunja ndita na nani machozi yanamlengalenga. Kikao kinachofanyika chote ndani ya miwani, kwangu mimi, ni mkutano wa vinyago.

Familia iliyotawanyika Tanga, Muscat na Toronto nitailegezea sharti hilo, kwani hawana chumba kingine cha kukutana. Lakini nawaeleza wazi kwamba kutumia jina la bandia hakumfichi mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha mwaka 2020, kwa watu 511, kwamba kompyuta ikijifunza mwendo wa kichwa na mikono yako kwa muda usiofika dakika tano, inakutambua kwa usahihi wa asilimia 95. Kwa hiyo sirekodi.

Mwenye kifafa, au anayesikia sauti wasizosikia wengine, simvishi kwenye kikundi. Na panapokuwa na kipigo nyumbani, siwaweki mpigaji na mpigwaji katika chumba kimoja, cha kweli wala cha kompyuta. Kila mmoja namwona peke yake, na kabla ya lolote namuuliza aliyepigwa usiku huu atalala wapi.