Mzazi ambaye hakusoma sana na hamu ya mtoto kusoma

Kuanzia Newala na Tandahimba hadi Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kauli hii imezoeleka: mzazi aliyeishia darasa la saba hawezi kumsaidia mwanafunzi wa sekondari. Si kweli, na inawavunja moyo wazazi ambao wangefaa sana.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Nancy Hill na Diana Tyson, walichambua tafiti 50 kuhusu wazazi na wanafunzi wanaoingia ujana. Kilichoendana zaidi na ufaulu ni mzazi kueleza matarajio yake, kuonyesha faida ya elimu na kupanga na mtoto maisha ya mbele. Kumsaidia kazi za nyumbani hakukuonyesha mwelekeo ulio wazi. Mara nyingi msaada huo huja mtoto akiwa ameshakwama, au hugeuka ukali.

Kwa hiyo muulize: "Leo mmejifunza nini? Hebu nieleze." Dakika 10 zinatosha. Akishindwa kueleza, mwenyewe ataona pa kurudia. Akifaulu, sifu alivyojituma, si akili zake. Anayesifiwa akili huanza kukwepa maswali magumu asije akaonekana mjinga.

Pagumu hasa ni msimu wa korosho. Uvunaji wa Oktoba na Novemba hugongana na mtihani wa kidato cha nne. Kijana aliyeokota korosho hadi magharibi hatiwi nguvu na maneno matupu. Mpunguzieni kazi mapema, apate walau saa mbili za kusoma na taa yenye chaji. Wenzake wenye nia ya kusoma wakaribisheni barazani kwenu.